Kutoka Ndege ya Mboya hadi Fomu ya FAFSA

Septemba 1959, miaka minne na miezi mitatu kabla ya bendera ya Mwingereza kushushwa, ndege ya kukodi iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 waliokuwa wakienda kusoma Marekani. Kila Jamhuri tunawakumbuka waliopigania ardhi na waliokaa kizuizini, na inafaa iwe hivyo. Mwaka huu tunaomba kurasa mbili za kukumbuka karo: nani alilipa, kwa nini alilipa, na kwa nini watoto wetu wa Louisville, Columbus na Buffalo wanaacha mezani pesa ambazo kizazi kile kingezipigania.

Kabla ya ndege ile, kuja kusoma huku kulihitaji baba mwenye uwezo, au kichwa kigumu. Peter Mbiyu Koinange, mwana wa Chifu Koinange, alifika Hampton, Virginia, mwaka 1927, kisha akasoma Ohio Wesleyan. Chuo hicho kiko mji wa Delaware, kaskazini ya Columbus, na wenzetu wa huko hupita karibu nacho bila kujua. Aliporudi, mwaka 1939 alifungua chuo cha walimu Githunguri, nacho kilijengwa kwa michango ya wananchi, marika yakishindana nani atatoa zaidi. Wakoloni walikifunga mwaka 1952. Julius Gikonyo Kiano naye alipita Antioch College, Yellow Springs, magharibi ya Columbus, chuo ambacho wanafunzi wake husoma muhula na kufanya kazi muhula. Alirudi nyumbani na PhD ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na akawa mmoja wa waliosaidia kuchagua vijana wa ndege ya Mboya. Kwa hiyo Ohio ina sehemu yake katika Uhuru wetu, ingawa hakuna kibao barabarani kinachosema hivyo.

Tom Mboya alikuwa na hesabu rahisi. Afrika Mashariki nzima ilikuwa na Makerere, na Royal Technical College ya Nairobi iliyofunguliwa 1956. Nafasi zilikuwa chache mno kwa nchi ambayo kesho ingehitaji mahakimu, madaktari, wahandisi na makatibu wa wizara. Mapema mwaka 1959 alizunguka Marekani akihutubia, na vyuo vikamwahidi nafasi za masomo. Lakini nafasi bila nauli ni barua tu. Hapo ndipo rafiki yake William Scheinman na wenzake walipoanzisha African American Students Foundation kutafuta pesa za ndege, na Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier wakatia sahihi barua ya kuomba michango kwa umma wa Marekani.

Mzigo uligawanywa hivi: chuo kilisamehe karo, wafadhili walilipa ndege, na nyumbani walitafuta pesa za matumizi. Nyumbani maana yake si baba na mama peke yao. Kulifanyika karamu za chai, watu wakauza kuku na mayai, kanisa likapitisha sahani. Wakubwa wetu ndio waliokuwa ofisi ya ufadhili. Hakuna aliyejaza karatasi kuthibitisha kwamba ni maskini, kwa sababu waliokaa kwenye mkutano walijua nyumba ipi ina ng'ombe na ipi haina.

Mwaka wa pili mpango ulikaribia kufa. Serikali ya Uingereza haikuupenda, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikataa kulipia ndege. Tarehe 26 Julai 1960 Mboya alimwendea Seneta John F. Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Watu wa Nixon waliposikia, ghafla Wizara ile ile iliyokataa ikapata dola 100,000 zake, na mabishano yakafika Seneti. Sisi tunaosikia kila siku kwamba wahamiaji ni mzigo kwa siasa za Marekani tunaweza kutabasamu kidogo: wakati ule vyama viwili viligombania nani atalipa nauli ya vijana wetu. Kati ya waliokuja mwaka huo ni Wangari Maathai, aliyepelekwa Mount St. Scholastica, mji wa Atchison, Kansas, akasoma baiolojia. Nishani ya Nobel ilifuata mwaka 2004. (Kila karamu kuna mzee anayesimulia kwamba baba yake Barack Obama alipanda ndege ya Mboya. Hakuipanda. Alikwenda Hawaii mwaka 1959 kwa njia yake, akisaidiwa na mwalimu wa Kimarekani, Elizabeth Mooney.) Hadi 1963 karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamekuja kwa mpango ule.

Kumbuka kwamba walikuja nchi ambayo yenyewe haikuwa bado imeamua kumsomesha maskini wake. Kentucky inaonyesha jambo hili vizuri. Chuo cha Berea, kilichoanzishwa 1855 na wapinga utumwa, kiliacha kutoza karo mwaka 1892, na hadi leo kinapokea wanafunzi ambao familia zao hazina uwezo, kila mmoja akifanya kazi chuoni. Weusi na weupe walisoma darasa moja, mpaka bunge la Kentucky lilipopitisha sheria ya mwaka 1904 kuwatenganisha, na Mahakama Kuu ya Marekani ikaikubali mwaka 1908. Berea ikalazimika kuwatoa wanafunzi weusi, kisha ikasaidia kuwajengea shule yao, Lincoln Institute, karibu na Simpsonville, mashariki ya Louisville, iliyofunguliwa 1912. Sheria ile ililegezwa mwaka 1950 tu. Yaani msaada kwa mwenye haja ulikuwepo, lakini bunge lilichagua ni mwenye haja yupi.

Serikali kuu iliingia kwa nguvu tarehe 8 Novemba 1965, Lyndon Johnson alipotia sahihi sheria ya elimu ya juu katika chuo alichosoma mwenyewe, San Marcos, Texas. Mwaka 1972 ikaongezwa ruzuku ambayo tangu 1980 inaitwa Pell, kwa jina la Seneta Claiborne Pell. Mwaka wa kwanza wa kulipwa, 1973–74, kiwango cha juu kilikuwa dola 452. Mwaka 2024–25 kilikuwa dola 7,395. Ni ruzuku, mwanafunzi akisoma na kumaliza, hairudishi.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuaminika katika jumuiya yetu. Sisi tumekua na HELB, iliyoundwa kwa sheria ya 1995, na HELB ni mkopo. Ukichelewa kulipa, jina lako linaweza kupelekwa kwa wanaopima mikopo. Kwa hiyo mzazi akisikia "serikali itamsaidia mtoto" anasikia deni, na anakataa. Na wengi wetu wauguzi tuliokuja kwa viza ya mwanafunzi tulisoma bila senti ya serikali: Pell haikutuhusu, karo yetu ilikuwa ya mgeni, na ruhusa ya kufanya kazi chuoni ilikuwa saa 20 kwa wiki. Nyumbani shamba liliuzwa na harambee ikafanywa mara mbili. Mtu aliyesoma hivyo huona ni fahari kumsomesha mwanawe hivyo hivyo. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Mtoto mwenye uraia au kadi ya kijani hasomi kwa viza yako.

Kuna sababu nyingine, nayo haisemwi hadharani: FAFSA inauliza kipato. Mzee wa nyumba hataki mwanawe, achilia mbali serikali, ajue mshahara wake. Zamani kijiji kilijua bila kuuliza. Huku anayeuliza ni fomu, na usipojibu huna haja.

Hatusemi fomu ni ya haki. Haiulizi pesa tunazotuma nyumbani kila mwezi kwa karo ya wadogo zetu na dawa za wazazi. Inasoma kodi ya mwaka juzi: fomu ya 2024–25 ilitumia kipato cha 2022. Wenzetu waliofanya zamu mbilimbili mwaka huo walionekana matajiri, hata kama leo mgongo umegoma na wamerudi zamu tatu kwa wiki. Wachache wanajua kwamba ofisi ya ufadhili ya chuo ina mamlaka ya kurekebisha hesabu kipato kikishuka, ukiandika barua na kuambatisha ushahidi. Na fomu mpya iliyotolewa mwisho wa 2023 ilichelewa, kisha ikawagomea wazazi wasio na namba ya Social Security. Kuna familia zilizokata tamaa hapo na hazijarudi tena.

Hasara ni kubwa kuliko Pell yenyewe, kwa sababu miji yetu mitatu imejenga juu yake. Buffalo ilitangaza Say Yes mwishoni mwa 2011, na waliohitimu shule za umma za mji mwaka 2013 wakawa wa kwanza kunufaika. Louisville ina Evolve502, kuanzia waliohitimu 2020, kwa vyuo vya miaka miwili vya Kentucky. Columbus ina Columbus Promise, kuanzia waliohitimu 2022, kwa Columbus State. Zote hulipa karo inayobaki baada ya Pell na ruzuku ya jimbo, kwa hiyo zote zinaanzia kwenye FAFSA. Zinatazama pia shule mtoto aliyomaliza. Tunaohamia Reynoldsburg au Amherst kutafuta shule zenye sifa tuweke hilo kwenye hesabu ya nyumba, pamoja na kodi ya ardhi.

Wauguzi wa jumuiya katika miji yote mitatu wamekubali kukaa na familia na kujaza fomu pamoja nazo, kwa Kiswahili, mlango ukiwa umefungwa. Kipato cha mtu hakitatoka chumbani humo. Siri tumeizoea kazini. Njoo na mtoto, namba yake ya Social Security, karatasi za kodi za mwaka juzi, na anwani ya barua pepe ambayo mzazi anaifungua mwenyewe, kwa sababu mzazi naye hutakiwa kuwa na akaunti yake na kuweka sahihi.