Sura Mbili za Neno Sura

Darasani, neno sura hufundishwa mara nyingi kama neno moja lenye maana mbili: uso wa mtu na sehemu ya kitabu. Wapo wanaoongeza kwamba sura ya kitabu ni kama uso wake. Maelezo hayo yanapendeza, lakini historia inayakanusha. Hayo ni maneno mawili yaliyokutana njiani.

Katika Kiarabu, sura ya mtu huanza kwa herufi swadi, s nzito. Sura ya Kurani huanza kwa sini, s nyepesi. Kiswahili hakina tofauti hiyo, hivyo matamshi yakawa mamoja. Hata hivyo, katika khati ya Kiarabu iliyobeba tenzi zetu kwa karne kadhaa, mwandishi mjuzi aliweza kuyatenganisha kwa kalamu. Herufi za Kilatini zilipoenea kupitia misheni na shule, na Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930 kusanifisha tahajia, s ikabaki moja. Jicho likapoteza kile ambacho sikio lilikwisha kukipoteza.

Wakorea nao wanayajua haya. Sagwa ni tufaha, na sagwa ni kuomba radhi. Asili ya yote mawili ni Kichina, na kwa herufi za Kichina yanaandikwa tofauti. Kwa alfabeti yao wenyewe, iliyotangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446, yanaandikwa sawasawa.

Je, tumepata hasara? Sokoni hapa Mlali hakuna anayechanganya saumu ya Ramadhani, yenye swadi, na saumu ya mchuzi, ambayo asili yake ni th. Lugha ilijitibu: ikatanguliza neno kitunguu. Hawa, mke wa Adamu, ana h ya kooni. Hawa ya nafsi, yaani matamanio, ina h nyepesi. Na hawa wa "watu hawa" ni Mbantu halisi. Watatu hao wanaingia kwa mlango mmoja bila kugongana.

Wala khati ya kale isingemaliza kila utata. Hariri ya kitambaa na hariri ya kusahihisha maandishi zina konsonanti zilezile hata Kiarabuni.

Kwa hiyo tusiyalilie maandishi ya zamani. Tuijue historia yake. Kamusi iyape maneno hayo vidahizo viwili, si kimoja. Na mshairi anayetaka kucheza jinasi achunguze kwanza: anacheza na maneno mawili, au na maana mbili za neno moja?