Plasma au LCD? Historia ya Runinga Bapa Mpakani Kwetu

 

Ndugu wazazi, nanyi wanafunzi wetu, kuanzia mwaka 2005 hadi 2012 hivi nyumba nyingi za Busia na Tororo zilikuwa na mjadala mmoja: baba akiiuza TV ya chogo, anunue plasma au LCD? Wengi walimwachia muuza duka awaamulie. Fedha zenyewe zilikuwa za ada za shule, kwa hiyo si jambo la kupuuza.

Plasma ilizaliwa darasani. Mwaka 1964, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, Donald Bitzer, Gene Slottow na mwanafunzi Robert Willson waliibuni kwa ajili ya PLATO, mfumo wa kompyuta wa kufundishia. LCD ina asili ya zamani zaidi. Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea wa Austria, aliona kitu alichokitoa kwenye karoti kikiyeyuka mara mbili, katika viwango viwili vya joto. Ikapita miaka 80 ndipo kampuni ya RCA ilipoonyesha kioo cha kwanza cha aina hiyo, mwaka 1968.

Tofauti yake ni hii. Katika plasma kila nukta hutoa nuru yake yenyewe, kwa gesi inayowashwa kwa umeme. LCD haina nuru. Taa iko nyuma, na vimiminika vile hufungua na kufunga kama vibao vya dirisha. (Wanafunzi wa darasa la juu watakumbuka kwamba mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965, ndiye aliyeeleza kwamba tunaona kwa nuru inayoingia jichoni.)

Kwa picha tu, plasma ilishinda. Weusi wake ulikuwa weusi kweli, na mpira haukuacha mkia ukipigwa. Tena familia zetu ni kubwa. Watoto wanane wakikaa mkekani, wa pembeni aliona sawa na wa katikati, ilhali LCD nyingi za wakati ule zilibadilika rangi ukizitazama kwa upande au kutoka chini. Lakini plasma ilikuwa na aibu yake: kitu kisichosogea kikikaa muda mrefu, kiliacha alama kiooni. Nyumba iliyowasha matangazo ya Makka mchana kutwa mwezi wa Ramadhani ingeweza kubaki na kivuli cha nembo ya stesheni hata baada ya Idi.

Kisha stima. Mwaka 2005 na 2006 maji ya Ziwa Victoria yalishuka, mabwawa ya Jinja yakazalisha kidogo, na Uganda ikaingia katika mgao mkali wa umeme. Tororo, mji ambao laya za umeme wa Owen Falls zilipitia kwenda Kenya tangu mwaka 1958, nao ukakaa gizani. Plasma ya inchi 42 iliweza kula wati 300, LCD ya ukubwa huo kama 200. Ukitazama saa tano kwa siku, tofauti ni yuniti 15 kwa mwezi. Kwa jenereta hesabu ilikuwa mbaya zaidi. Israfu imekatazwa katika Suratul A'araf, aya ya 31, na kwa maoni yangu wati 100 za kupendezesha weusi wa picha zinaingia humo.

Usafiri nao ulikuwa mtihani. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulioanza Januari 2005 haukuondoa ushuru wa bidhaa za ng'ambo, hivyo wapo waliopitisha TV kwa njia za panya, nyuma ya baiskeli ya boda boda. (Magendo ni magendo, hata kama mzigo ni wa msikiti.) Plasma ni vioo viwili vizito na haifai kulazwa, ukiilaza juu ya kariyeri, ilifika ikiwa na ufa.

Pioneer walitangaza kujitoa mwaka 2009, Panasonic wakaacha kutengeneza plasma mwaka 2013, Samsung na LG wakafuata mwaka 2014. Kwa hiyo aliye na plasma iliyokufa asimpe fundi fedha za kutafuta kioo kipya. Na ile inayouzwa dukani kwa jina la LED, aghalabu ni LCD ileile. Kilichobadilika ni taa ya nyuma tu.