Sendika na wakuu wa shule: habari inamfikia mwalimu kwa njia gani?

Wakati wa mgomo, mzazi wa Butembo ao Beni anauliza kila asubuhi: leo kuna masomo ao hakuna? Jibu linategemea sana namna wakuu wa shule na sendika wanavyoongea kati yao.

Njia mbili za habari

Sendika ni chama kinachotetea walimu. Zinazojulikana sana ni SYECO, na SYNECAT ya shule za Kikatoliki. Shuleni, sauti ya sendika ni delege, yaani mwalimu anayewakilisha wenzake.

Delege anapata ujumbe toka kwa sendika. Direkta ao prefe anapata barua toka sous-division, ao toka koordinasio kama shule ni ya kanisa. Wawili hawa wasipokutana, walimu wanabaki na uvumi wa WhatsApp.

Mgomo ni juu ya nani?

Mshahara wa mwalimu wa shule ya serikali unatoka Kinshasa, na listi za malipo ziko kwa DINACOPE, iliyokamata nafasi ya SECOPE. Kwa hiyo walimu walipogoma mwezi wa 9 mwaka 2024, walikuwa wanaidai serikali. Prefe naye anangojea mshahara toka kule kule. Akilifahamisha hilo, ugomvi hauingii ofisini mwake.

Yale yanayoweza kumalizwa pale pale

Kuna mambo yasiyohitaji Kinshasa: saa za kufundisha, masomo yaliyopotea, namna ya kutangaza mgomo mapema. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaweka COGES, baraza ambamo mkuu wa shule anakaa pamoja na wajumbe wa walimu na wa wazazi. Tangu masomo ya msingi kuwa ya bure mwaka 2019, pesa za wazazi zinajadiliwa zaidi sekondari. Hapo walimu ambao serikali haijaanza kuwalipa, wale wanaoitwa NU, wanataka kujua: prime imeingia ngapi, na nani amepewa?

Angalisho

Kusikilizana si kuwa mfukoni mwa prefe. Delege anayetoka kwenye mkutano bila kuwarudishia wenzake habari, wanaacha kumwamini.

Katika eneo la Beni, ambako wazazi wanaogopa njia juu ya usalama, tangazo la jioni lina maana kubwa: mtoto hatembei bure kwenda kukuta darasa tupu. Mzazi anaweza kuliomba kupitia COPA, komite ya wazazi.