Kompyuta ya mezani inapowaka bila kuonyesha picha: hatua za kufuata kabla ya kumwita fundi

Shule, chama cha ushirika au kibanda cha kuombea huduma za Irembo katika Tarafa ya Cyanzarwe, wilayani Rubavu, huweza kutegemea kompyuta moja tu ya mezani iliyokwisha kutumika miaka mingi. Siku mashine hiyo inapowashwa na kioo kikabaki cheusi, hofu ya kwanza huwa juu ya yale yaliyomo: orodha ya wanachama, hesabu za mavuno, alama za wanafunzi.

Mara nyingi hofu hiyo haina msingi. Nyaraka huhifadhiwa katika diski kuu, nacho ni kifaa kingine kabisa, tofauti na vile vinavyotoa picha. Aidha, ikiwa hata nembo ya kampuni iliyotengeneza kompyuta haionekani, kosa si la Windows, kwani wakati huo Windows haijaanza kusomwa. Yeyote anayependekeza diski ifutwe na programu zipakiwe upya hataliondoa tatizo, bali atapoteza nyaraka.

Anza nje ya mashine

Hakikisha kwamba taa ndogo ya kioo inawaka. Kioo kikiwa kimewashwa, chomoa kebo ya picha upande wa kompyuta. Kioo kizima aghalabu huandika kwamba hakipokei mawimbi. Kikikaa kimya, kijaribu kwenye kompyuta nyingine. Kagua vijipini vya kebo ya VGA, maana hupinda kwa urahisi. Kompyuta iliyoongezewa kadi ya picha huwa na matundu zaidi ya moja: kebo ichomekwe kwenye kadi hiyo.

Kisha subiri dakika moja na ubonyeze kitufe cha Num Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, mashine inafanya kazi na kasoro imo katika njia ya picha. Isipobadilika, tafuta ndani ya sanduku.

Tahadhari ya umeme

Umeme wa Rwanda ni wa volti 230. Baadhi ya kompyuta za zamani zina swichi ndogo nyuma yenye maandishi 115 na 230. Swichi hiyo ibaki kwenye 230. Ikisogezwa kwenye 115, kifaa cha kugawa umeme chaweza kuungua papo hapo. Kifaa hicho kisifunguliwe nyumbani, kwa kuwa hubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomolewa.

Ndani ya sanduku

Chomoa waya wa umeme, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliosalia uishe. Gusa chuma cha sanduku kabla ya kugusa kitu kingine, kwani umeme tuli wa mwilini huharibu vipuri.

Rubavu ni nchi ya udongo wa volkeno, na wakati wa kiangazi vumbi lake laini hupenya kila mahali. Liondoe kwa brashi laini na kavu. Usipulize kwa mdomo, maana mate ni maji. Mtikisiko nao hulegeza vipuri. Mitetemeko ya ardhi iliyofuata mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 ilipasua nyumba wilayani humo. Kwa kompyuta, hata safari ya pikipiki kwenye barabara ya mawe yatosha.

Chomoa vipande vya ramu, sugua polepole meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, kisha virudishe hadi vishikizo vijifunge. Vikiwa viwili, jaribu kimoja kimoja. Fanya vivyo hivyo kwa kadi ya picha. Mashine ikitoa milio, ihesabu na uiandike: maana yake hutofautiana kulingana na mtengenezaji, lakini humwelekeza fundi.

Mwisho, toa betri ya kidonge ya CR2032 kwa dakika chache na uirudishe. Mipangilio ya msingi itarejea ya awali, nawe utalazimika kuweka upya tarehe na saa.

Yote yakishindikana

Kioo kikiendelea kuwa cheusi, huenda ubao mkuu au kifaa cha kugawa umeme kimekufa. Hata hivyo, diski kuu ikiwa nzima, fundi aweza kuichomoa, kuiunganisha na kompyuta nyingine na kunakili nyaraka. Kazi hiyo itangulie matengenezo mengine yote, nawe uwepo inapofanyika. Mashine isiyotengenezeka isitupwe shambani wala kuchomwa moto, kwa sababu ina risasi na sumu nyingine. Rwanda ina kituo cha kuchakata taka za kielektroniki wilayani Bugesera.