Joto la Ziada: Habari za Hita katika Motokaa Kongwe

Sisi watu wa visiwani tunayo majina mengi ya pepo na machache ya baridi. Kaskazi, kusi, matlai, umande: kila mmoja una msimu wake na tabia yake, na mtoto wa nahodha huzijua zote kabla hajajua kusoma. Baridi yetu ni kipupwe, na dawa yake ni shuka. Kwa hivyo msomaji ataniwia radhi nikimwomba aache upepo wa bahari kwa kitambo kidogo, aketi nami ndani ya motokaa ya Kiingereza asubuhi ya Januari, vioo vimetanda ukungu wa pumzi zetu na miguu imekufa ganzi.

Sababu ya kumwomba hivyo ni shangazi yangu. Yeye ni miongoni mwa watu wa visiwa hivi ambao, baada ya mwaka 1964, walijikuta Portsmouth, kusini mwa Uingereza, na huko akazaa na akazeeka. Mwanawe, binamu yangu, alinunua Morris Minor iliyoundwa mwaka 1958, akaitengeneza kwa subira hadi ikang'aa. Lakini gari lile lilitoka kiwandani bila hita. Wenziwe wanaopenda magari ya kale walimshauri aliache vivyo hivyo, maadamu ndivyo lilivyozaliwa. Shangazi naye alikataa katakata kulipanda tangu Novemba hadi Machi. “Mimi si samaki wa kubebwa kwenye barafu,” alisema. Binamu akaniandikia: “Ndugu yangu, wewe kazi yako ni kufasiri maneno ya watu wa kale. Niambie, kuongeza kilichokosekana ni kutengeneza au ni kughushi?”

Suali hilo sikuweza kulijibu kwa siku moja. Ilinibidi kwanza niitafute historia ya kitu chenyewe.

La kwanza nililojifunza ni kwamba joto halikukosekana kamwe. Katika injini ya petroli, takriban theluthi moja ya nguvu ya mafuta hutoka pamoja na moshi, na sehemu inayokaribia hiyo huchukuliwa na maji yanayoipoza injini, yakaenda kuimwaga hewani kupitia rejeta. Kinachobaki ndicho kinachozungusha magurudumu. Basi msafiri wa zamani alitetemeka ilhali moto ulikuwa mbele ya magoti yake, nyuma ya ukuta wa bati tu. Alichokosa ni njia ya kuufikisha moto ule kwake.

Motokaa za mwanzo zilikuwa wazi kama mashua. Abiria alijikinga kwa makoti ya manyoya na mablanketi, na pengine kwa chombo cha bati kilichojazwa maji ya moto na kuwekwa chini ya nyayo, desturi iliyorithiwa kutoka kwenye magari ya farasi na treni. Katika gari lisilo na kuta, kutia joto ni sawa na kuchota maji kwa pakacha. Mambo yalibadilika yalipoenea magari yenye paa na vioo. Huko Marekani, mwaka 1919 ni gari moja tu katika kumi lililofungwa pande zote. Kufika mwaka 1927 yalikuwa yamezidi manane katika kumi. Chumba kilikuwa kimepatikana, na chumba huomba kupashwa joto.

Njia ya mkato ilikuwa ni kulichukua joto la bomba la moshi. Kifuniko cha bati kiliwekwa juu ya bomba hilo, na hewa iliyopita katikati ikaelekezwa ndani. Ford Model A, iliyoundwa kati ya mwaka 1927 na 1931, iliweza kufungwa hita ya namna hiyo. Ilikuwa rahisi na ya haraka, lakini ilikuwa na hatari: bomba likitoboka au kiungo kikilegea, gesi ya kaboni monoksidi huingia pamoja na joto. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, nayo humlaza mtu usingizi asiamke. Volkswagen, ambayo injini yake ilipozwa kwa hewa na haikuwa na maji ya kuazima, iliendelea kutegemea joto la bomba la moshi kwa miongo mingi, na hadi leo mwenye gari kama hilo hupaswa kuyakagua mabomba yake kwa makini.

Njia ya pili ilikuwa ndefu zaidi, nayo ndiyo iliyoshinda: kuyachepusha maji ya moto ya injini, kuyapitisha katika rejeta ndogo iliyomo ndani ya chumba, kisha kuyarudisha. Feni ndogo husukuma hewa katikati ya mapezi ya rejeta hiyo. Hita za namna hii zilienea Marekani katika miaka ya 1930. Mwaka 1938 kampuni ya Nash ilikwenda hatua moja mbele kwa kuvuta hewa safi kutoka nje, kuichuja na kuipasha joto kabla ya kuiingiza ndani. Hita nyingi za wakati huo zilizungusha hewa ile ile iliyokwisha kupumuliwa, na ndiyo maana vioo vilizidi kufunga ukungu kadiri abiria walivyozidi kuongea.

Uingereza ilikwenda polepole. Morris Minor ilioneshwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1948. Msanifu wake, Alec Issigonis, alizaliwa Smyrna, mji wa bandari unaoitwa Izmir leo, mwaka 1906. Injini ya magari yale ya mwanzo haikuwa na pampu ya maji: maji ya moto yalipanda yenyewe na yaliyopoa yakashuka, na msukumo huo dhaifu haukufaa kupeleka maji hadi chumbani. Pampu ilipoongezwa, karibu na mwisho wa mwaka 1950, ndipo mnunuzi alipoweza kuagiza hita. Lakini hata hapo iliandikwa katika orodha ya vitu vya ziada, yenye bei yake mbali. Kampuni ya Smiths, iliyoanza mwaka 1851 kama duka la saa jijini London, ndiyo iliyotengeneza hita nyingi za magari ya Kiingereza: mviringo kama sinia ndogo, na vilango vya kufungua kuelekeza joto miguuni.

Kwa nini nchi yenye baridi iuze joto kama pambo? Bei ni sababu mojawapo. Kila kilichoondolewa kilimfanya mnunuzi maskini alikaribie gari. Lakini nionavyo mimi ipo sababu nyingine, na hiyo inatuhusu. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa na madeni, na serikali yake ilivihimiza viwanda kuuza nje. Sehemu kubwa ya Morris Minor za miaka ya mwanzo ilipakiwa melini. Gari lile lile lilipaswa kumfaa mkulima wa Uskoti na karani wa Mombasa. Mwenye kusafiri Mombasa hadi Malindi angeifanyia nini hita? Aliyepanda Limuru, juu ya mita 2,000, huenda angeitamani mwezi wa Julai. Basi kiwanda kiliacha nafasi, na kila mtu akajazia kwa kadiri ya hali yake ya hewa na mfuko wake.

Kisha ukaja mtihani. Theluji ilianguka Uingereza tarehe 26 Desemba 1962, na baridi haikuachia hadi mapema Machi 1963. Haikuwa imeonekana mfano wake tangu mwaka 1740. Huko Herne Bay, pwani ya Kent, bahari yenyewe iliganda ukingoni. Siwezi kusema kwamba msimu mmoja ndio uliobadilisha desturi ya viwanda, lakini katika miaka ya 1960 hita ilizidi kuhesabiwa kuwa sehemu ya gari. Marekani ilifika mbali zaidi: tangu Januari 1968 magari mapya ya abiria yalilazimika kisheria kuwa na mtambo wa kuondoa ukungu na barafu kwenye kioo cha mbele. Kilichoanza kama anasa kikawa sharti, kwa sababu dereva asiyeona mbele huwa hatari kwa wengine pia.

Nilipofika hapa nilimwomba binamu afungue boneti, atazame kichwa cha injini upande wa nyuma. Alikuta kibati kidogo kilichokazwa kwa nati mbili, kikiziba tundu. Hapo ndipo pa koki ya hita. Kwenye ukuta wa bati alikuta matundu mengine, yamezibwa kwa vizibo vya mpira. Gari halikuundwa liwe bila hita. Lilitayarishwa kuipokea, na mnunuzi wa kwanza hakuilipia.

Hapo nikapata jibu langu. Mhariri wa utenzi wa kale akikuta mwandishi ameruka mshororo na kuacha nafasi, ana njia tatu. Anaweza kuiacha nafasi wazi. Anaweza kutunga mshororo kwa lugha ya leo na kunyamaza kana kwamba ni wa zamani, na huko ndiko kughushi. Au anaweza kuujaza kutoka nakala nyingine ya zama zile zile, akautia katika mabano ili msomaji ajue. Nikamwandikia binamu kwamba hita ya wakati ule, ikifungwa mahali palipoachwa kwa ajili yake, ni ile njia ya tatu, mradi aandike katika daftari la gari mwaka alioifunga. Atakayelinunua baada yake asidanganyike.

Alinijibu kwamba rafiki mmoja amemshauri hita ndogo ya umeme, isiyohitaji maji wala mabomba. Tukafanya hesabu. Hita ya wati 240 kwenye betri ya volti 12 hula ampea 20, na dinamo ya gari lile, injini ikiwa mbioni, hutoa kama ampea 20 tu. Taa za mbele zingebaki na nini? Hita ya maji haidai umeme isipokuwa wa feni, kwani joto lake limekwisha kulipiwa katika petroli.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na binamu aliinama, tena akalala chali chini ya dashibodi siku mbili. Alinunua hita kuukuu ya Smiths, akaipima rejeta yake kwa kuijaza maji kabla ya kuiamini. Akafunga koki mahali pa kile kibati, akapitisha mpira mmoja wa maji kwenda na mwingine kurudi hadi kwenye bomba la chini la rejeta kubwa. Akaunganisha waya wa feni akikumbuka kwamba katika magari yale bodi imeungwa kwenye upande chanya wa betri, kinyume cha magari ya leo. Thamostati ya nyuzi 74, ifaayo nchi za joto, akaitoa, akatia ya 88. Jaribio la kwanza hita ilitoa baridi tupu, kwa kuwa hewa ilikuwa imekwama ndani ya mipira. Alipoitoa, vilango vikaanza kupumua joto.

Koki ile hufunguliwa kwa mkono chini ya boneti, majira ya baridi yanapoingia, na hufungwa yanapokwisha, kama watu wetu walivyongoja kusi na kaskazi. Joto lenyewe si jingi. Hupasha vifundo vya miguu, na dirisha hubidi liachwe wazi kidogo ili kioo kisifunge ukungu.

Januari iliyofuata shangazi alipanda. Alikuja na shali mbili, kwa tahadhari. Binamu ananiambia walikwenda hadi ufukweni, na njiani aliivua moja, akaikunja, akaiweka mapajani. Katika daftari la gari pameandikwa tarehe, na chini yake: hita haikutoka kiwandani.