Neno "Priest" na Ndugu Zake katika Lugha ya Kiingereza

Wanafunzi wetu wa theolojia husoma vitabu vingi vya Kiingereza, na humo hukutana na maneno matatu yahusuyo huduma ya Kanisa: "priest", "presbyter" na "elder". Katika makala hii fupi twakusudia kuonyesha asili ya maneno hayo, na jinsi uchaguzi wa neno moja ulivyowahi kuzua mabishano makali.

Tuanze na Kigiriki cha Agano Jipya. Humo mna maneno mawili yenye maana mbalimbali. La kwanza ni hiereus, yaani kuhani, mtu atoaye dhabihu. La pili ni presbuteros, yaani mzee, au kwa usahihi zaidi, aliyewatangulia wengine kwa umri. Agano Jipya halimwiti mhudumu yeyote wa usharika hiereus. Jina hilo hupewa makuhani wa Hekalu na wa miungu, Kristo mwenyewe katika Waraka kwa Waebrania, na waamini wote katika Ufunuo 1:6.

Presbuteros liliingia katika Kilatini likawa presbyter, kisha likafupishwa katika Kiingereza cha kale likawa "preost", ndilo "priest" la leo. Basi kwa asili yake "priest" ni mzee tu. Kiingereza cha kale kilikuwa na neno jingine la kuhani, "sacerd", lililotoka katika Kilatini sacerdos. Neno hilo likafa, na mzigo wake ukaachiwa "priest". Tangu hapo jina la mzee likabeba madhabahu na dhabihu pia.

William Tyndale aliliona jambo hili. Katika Agano Jipya alilolichapisha Worms mwaka 1526 hakutumia "priest" kwa presbuteros, bali "senior". Na ekklesia akaliita "congregation", yaani kusanyiko, badala ya "church". Mwaka 1529 Thomas More alimshambulia kwa maneno hayo. More alifahamu kwamba hapa hapakuwa na ubishi wa kamusi tu: kama mhudumu ni mzee, na Kanisa ni kusanyiko la waamini, basi mamlaka yote ya makasisi yahitaji kuthibitishwa upya kwa Maandiko. Tyndale alijibu mwaka 1531. Alikubali kwamba "senior" si Kiingereza kizuri, na katika toleo la 1534 akaweka "elder". Hakurudi kwenye "priest".

Wote wawili waliuawa. More alikatwa kichwa London mwaka 1535 kwa kukataa ukuu wa mfalme juu ya Kanisa. Tyndale alinyongwa na kuchomwa moto Vilvoorde mwaka 1536 kwa hukumu ya uzushi. Tena, wafasiri wa Biblia ya Mfalme James ya 1611 waliamriwa wabakize "church", nao wakatii. Lakini kwa presbuteros waliandika "elder". Hivyo More alishinda katika neno moja, na Tyndale katika jingine.

Je, hayo yatuhusu nini? Sisi Waswahili tumepewa utajiri ambao Kiingereza kiliupoteza. Biblia ya Union ya 1952 hutenga kuhani na mzee, kama Kigiriki kitengavyo. Hata "kasisi", lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, asili yake ni neno la Kisiria lenye maana ya mzee. Na "kanisa" latokana na mzizi wa Kisemiti wenye maana ya kukusanya.

Kwa hiyo mwanafunzi asomapo "priesthood" katika kitabu cha Kiingereza, hana budi kuuliza kwanza: ni ukuhani, au ni uzee? Akikosea hapo, atauelewa vibaya ukuhani wa waamini wote aliofundisha Luther mwaka 1520, na siku ya kubarikiwa kwake atajidhania amepandishwa juu ya usharika, hali amewekwa ndani yake aulishe. Mchungaji hana dhabihu nyingine ya kuleta ipatanishayo watu na Mungu. Iliyo ya Kristo imekwisha kutolewa, mara moja tu.