Aprili ya Baltimore: Mechi Ishirini na Moja Bila Ushindi

Kila mwaka mwezi wa Aprili unapoingia, Wamarekani wapenzi wa mchezo wa besiboli huanza ubishi ambao hauishi hadi majira ya vuli. Kinyozini, kazini na ndani ya mabasi, mtu humuuliza mwenzake: timu yenu inaendeleaje mwaka huu? Jibu hutegemea mechi tano au sita tu zilizokwisha kuchezwa, na hapo ndipo ubishi unaponoga. Shabiki ambaye timu yake imeshinda nne huanza kuzungumzia ubingwa wa mwezi Oktoba. Yule ambaye timu yake imefungwa nne huanza kumtafutia kocha makosa.

Kwa wale waliozoea soka, yafaa kueleza kidogo. Katika Ligi Kuu ya Uingereza kila timu hucheza mechi 38 kwa msimu. Katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani kila timu hupangiwa mechi 162, takriban kila siku, kuanzia mwanzo wa majira ya kuchipua hadi mwisho wa Septemba. Kwa kawaida hata timu inayotwaa ubingwa hushindwa mara 50 au zaidi, wala hakuna anayeshangaa. Kwa hesabu hiyo, anayetabiri mwisho wa msimu kwa kutazama wiki mbili za mwanzo anajitakia aibu.

Kumbukumbu za mchezo huo zina ushahidi wa kila upande. Mwaka 1984 timu ya Detroit Tigers ilishinda mechi 35 kati ya 40 za kwanza, na kweli ikawa bingwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1987, Milwaukee Brewers ilishinda mechi zake 13 za mwanzo mfululizo. Mwezi wa Mei ikashindwa 12 mfululizo, na msimu ukaisha ikiwa ya tatu katika kundi lake. Nayo Washington Nationals, mwaka 2019, ilikuwa imeshinda 19 tu na kushindwa 31 baada ya mechi 50. Mwezi Oktoba wa mwaka huo huo ilibeba kombe.

Lakini kuna Aprili moja ambayo mashabiki wa Marekani huitaja hadi leo kila timu yao inapoanza vibaya. Ni Aprili ya mwaka 1988 mjini Baltimore, katika jimbo la Maryland.

Ili kuelewa uzito wa yaliyotokea, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Timu ya Baltimore Orioles haikuwa timu dhaifu katika historia yake. Ilikuwa imetwaa ubingwa mwaka 1966, mwaka 1970 na tena mwaka 1983. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Machi 1984, hata hivyo, mji huo ulipata pigo. Timu yake ya futiboli ya Kimarekani, Colts, ilipakia vifaa vyake vyote katika malori gizani, theluji ikianguka, ikahamia Indianapolis. Wakazi waliamka asubuhi wakakuta imekwenda. Huko Marekani timu ni mali ya mwenyewe, naye anaweza kuihamisha kama mfanyabiashara anavyohamisha duka, jambo ambalo mshabiki wa Simba au Yanga, Gor Mahia au AFC Leopards, huenda akaliona kama kioja.

Basi ikawa hofu juu ya hofu. Mmiliki wa Orioles, Edward Bennett Williams, alikuwa mwanasheria mashuhuri wa Washington, mji ulio umbali wa chini ya saa moja na nusu kwa gari. Washington ilikuwa haina timu ya besiboli tangu mwaka 1971, timu yake ilipohamishiwa Texas. Williams hakutaka kujifunga kwa muda mrefu katika uwanja mkongwe wa Memorial. Kwa hiyo Orioles iliposhindwa, shabiki wa Baltimore alikuwa na swali zito kuliko la ubingwa: je, timu itakuwapo mwakani?

Msimu wa 1988 ulifunguliwa tarehe 4 Aprili nyumbani, mbele ya Milwaukee. Orioles ilifungwa mikimbio 12 kwa 0. (Mkimbio mmoja huhesabiwa mchezaji anapozunguka vituo vyote na kurejea pale alipoanzia.) Ilishindwa tena, na tena. Baada ya mechi sita tu, kocha Cal Ripken, mtu aliyekuwa ametumikia klabu hiyo tangu ujana wake, aliachishwa kazi. Wanawe wawili, Cal mdogo na Billy, walikuwa wachezaji wa timu hiyo hiyo. Iliwabidi kuingia uwanjani kucheza chini ya mrithi wa baba yao. Billy aliiacha namba yake ya jezi akaichukua 7, iliyokuwa namba ya baba.

Mrithi huyo alikuwa Frank Robinson, nyota wa Orioles iliyotwaa ubingwa wa 1966. Mwaka 1975, akiwa Cleveland, Robinson alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuongoza timu ya ligi kuu kama kocha mkuu. Hata hivyo jina lake halikuweza kurusha mpira wala kushika gongo. Mechi ya 14 ilipopotea, rekodi ya tangu mwaka 1904 ya mwanzo mbaya kuliko yote ilivunjwa. Magazeti ya nchi nzima yalianza kuihesabu Baltimore siku kwa siku. Rais Ronald Reagan alimpigia simu Robinson kumtia moyo. Mtangazaji mmoja wa redio mjini humo aliapa kuwa hatatoka hewani hadi Orioles ishinde, akakaa studioni zaidi ya siku kumi. Sisi wa kazi hii tunajua maana ya kusema kwa saa nyingi bila kuwa na habari njema ya kusema.

Tarehe 28 Aprili, huko Minnesota, ilipotea mechi ya 21. Kesho yake mjini Chicago Orioles iliifunga White Sox 9 kwa 0. Mnyororo ulikatika, lakini mechi mbili zilizofuata zikapotea pia. Timu ikapanda ndege kurudi nyumbani ikiwa na ushindi mmoja na mechi 23 zilizopotea.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 2 Mei. Mechi hiyo haikuwa na uzito wowote katika msimamo wa ligi. Tena wageni walikuwa Texas Rangers, ile ile timu iliyohamishwa kutoka Washington mwaka 1971. Walijitokeza watu 50,402. Walisimama na kuwashangilia wachezaji kama mabingwa, nao wachezaji wakaibuka na ushindi wa 9 kwa 4. Usiku huo huo gavana wa Maryland, William Donald Schaefer, alitangaza uwanjani kwamba Williams amekubali mkataba wa miaka 15 katika uwanja mpya utakaojengwa katikati ya mji, mahali paitwapo Camden Yards. Schaefer ndiye aliyekuwa meya wa Baltimore usiku ule Colts walipoondoka.

Wapo wasimuliaji wapendao kusema kwamba umati wa usiku ule ndio ulioiokoa timu. Hadithi hiyo ni tamu, ila tarehe hazikubali. Bunge la jimbo lilikuwa limekwisha kupitisha ujenzi wa uwanja mwaka 1987, fedha zikitoka katika bahati nasibu maalumu, na mazungumzo ya mkataba yalikuwa yakiendelea muda wote timu ilipokuwa ikipigwa. Mbele ya macho yangu hilo linaukuza umati ule. Watu waliokata tiketi hawakuwa wamehakikishiwa lolote, na timu yao ilikuwa mbovu kuliko zote nchini. Walikwenda hivyo hivyo.

Kuhusu swali la Aprili, safari hii Aprili ilisema kweli. Orioles ilimaliza msimu ikiwa imeshinda mechi 54 na kupoteza 107, nyuma ya wote katika kundi lake. Williams, aliyekuwa akiugua saratani, alifariki mwezi Agosti mwaka huo, miezi michache tu baada ya kukubali mkataba. Mwaka uliofuata, 1989, timu ile ile ya Robinson, ikiwa imejaa vijana, ilishinda mechi 87 na kuwania uongozi wa kundi hadi siku za mwisho kabisa za msimu, ilipozidiwa na Toronto.

Uwanja wa Camden Yards ulifunguliwa tarehe 6 Aprili 1992. Orioles iliifunga Cleveland 2 kwa 0, na kesho yake mjini Baltimore ubishi wa Aprili ukaanza upya.